Mvua ya Jumatano Niliyoiandika Jumanne

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana nikiiacha mke wangu ataisimulia yeye, naye huongeza chumvi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu, kituo changu cha hali ya hewa cha nyumbani kilisema kwa siku kumi na moja mfululizo kwamba hapa Luzira hakuna mvua. Nje barabara imekuwa mto, vyura wanapiga kelele kwenye mtaro wa jirani, na kompyuta yangu inaandika sifuri, sifuri, sifuri. Nilikasirika sana. Nikaifuta programu, nikaiweka upya. Nikaifuta tena. Nikabadilisha kebo. Nikawaandikia waliotengeneza programu barua kali kwa Kiingereza changu cha Senior Four, nikawauliza kama kwao mvua ni kitu cha kusikia redioni tu. Wakajibu kwa adabu: tafadhali angalia kama kipimamvua hakijaziba. Nikacheka. Mimi, niliyepima mvua miaka zaidi ya ishirini, niambiwe niangalie kama kimeziba!

Siku ya kumi na mbili mke wangu alitoka kuanua nguo, akatazama juu ya nguzo, akaniita. "Baba Apio, lile karai la bluu umeliweka kule juu kwa kazi gani?"

Nilikuwa nimekifunika kipimamvua kwa karai siku nilipopaka nguzo rangi, ili rangi isidondokee ndani. Rangi ilikauka siku ileile. Karai likabaki.

Basi nyinyi vijana mnaouza hivi vituo vya nyumbani na kuvifunga juu ya mapaa ya watu, nisikilizeni mkijua kwamba anayewafokea ni mtu wa karai. Nitawafokea hata hivyo. Nina haki.

Mimi nilizaliwa kambini. Baba alikuwa polisi kutoka kaskazini, na Kiswahili nilichonacho ni cha gwaride na cha foleni ya maji. Shule ilinifikisha kidato cha nne ikaniachia hapo. Vita vya mwaka wa themanini na sita vilipokwisha, walitafutwa watu wa kusoma vipimo vya mvua, nami nikachukuliwa kwa sababu mbili: nilijua kuandika namba vizuri, na sikupenda kutembea. Kweli. Kazi ya kusoma kipimamvua inamtaka mtu asiyekwenda popote. Kila siku saa tatu asubuhi uwe palepale, Jumapili, sikukuu, siku ya arusi ya dada yako. Wenzangu iliwashinda. Mimi hata leo kutoka Luzira kwenda Nakasero, katikati ya mji, ni safari ya kuaga watu.

Aliyenifundisha ni Mzee Otim, mtu mrefu, mkali, mwenye sweta moja. Tulipofika kituoni mara ya kwanza baada ya vita, uzio ulikuwa umeng'olewa, kibanda cha vipimajoto kimekuwa banda la kuku, na faneli ya shaba ya kipimamvua haipo. Tuliikuta nyumba ya nne kutoka hapo, kwa mama mmoja aliyekuwa anapika pombe kali ya waragi. Inachuja vizuri, inang'aa. Mzee Otim aliigeuza mkononi, akasema, "Huyu mama ameitunza kuliko serikali." Akamwomba kwa heshima, naye akairudisha, ila kwa wiki nzima mvua yetu ilinuka pombe.

Mzee Otim alikuwa na sheria mbili. Nitawaambia zote mbili, maana programu zenu zimezivunja zote.

Ya kwanza niliijua kwa kukamatwa. Asubuhi moja nilikuwa bado kitandani saa tatu ikapita. Nikaenda saa tano, nikaona aibu kuandika kwamba nimechelewa, nikaandika sifuri bila kutazama. Mzee Otim akaja, akasoma daftari, akatazama viatu vyangu. Vilikuwa na tope mpaka kwenye kamba.

"Hili tope limetoka wapi?" akaniuliza.

"Njiani, mzee."

"Njiani kulinyesha, kwenye daftari hakukunyesha." Akanipa kalamu ya risasi. "Sifuri ni kitu ulichokiona kwa macho. Kama hukuona, piga mstari. Watu wajue hapa palikuwa na mvivu."

Sasa niambieni, programu zenu zinafanya nini? Kebo ikilegea, betri ikiisha, panya akitafuna waya, programu haisemi "sikusikia". Inaandika sifuri. Inachora mstari mzuri wa bluu chini kabisa ya skrini, na mteja wako anaamini kulikuwa na jua. Mtu aliyeandika programu ya namna hiyo alistahili wiki mbili na Mzee Otim. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote kwenye kompyuta ya mteja, tafuta mahali pa mipangilio panapouliza taarifa ikikosekana iandikwe nini, uzime hiyo sifuri. Kama hapapo, mwambie mteja usoni kwamba sifuri zake haziaminiki. Usimfiche.

Sheria ya pili ndiyo iliyotaka kumtoa mtu kwenye chumba chake, na hiyo nitaieleza polepole.

Maji unayoyakuta kwenye kipimamvua leo saa tatu asubuhi yameingia tangu jana saa tatu. Sehemu kubwa ya hizo saa ni za jana. Kwa hiyo wasomaji wa mvua wa zamani waliyaandika kwenye mstari wa jana. Leo Jumatano nasoma, naandika Jumanne. Ndivyo tulivyofundishwa, na kila mtu wa kazi hii alijua. Niliifanya miaka yote bila kufikiri, kama mnavyofunga vifungo vya shati. Nilipostaafu, binti yangu Apio akaniletea kituo hiki cha nyumbani, na ndani ya programu nikakuta mahali panapouliza: siku yako ya mvua inaanza saa ngapi? Ilikuwa imewekwa usiku wa manane. Nilifurahi mpaka nikamwita mke wangu aje aone. Nikaiweka saa tatu asubuhi. Sasa mashine na daftari langu la kipimamvua cha mkono, ambacho bado nakisoma uani kila asubuhi, vitakubaliana! Vikakubaliana kweli. Sikujua kwamba mashahidi wawili wakifundishwa na mtu mmoja ni kama shahidi mmoja tu.

Kabla sijafika huko, neno kuhusu wateja. Baada ya kustaafu watu wenye vituo vya nyumbani walianza kuniita, nami nikawa nakwenda kwa kunung'unika. Mwalimu mmoja wa Kyambogo alinilalamikia kwamba programu yake ni mbovu, kila siku mchana joto linaruka digrii nane halafu linashuka. Alikuwa ameshaibadilisha mara tatu. Niliomba kiti, nikakaa uani kwake, nikasubiri. Saa sita na nusu msichana wa nyumba ya pili alileta sigiri yake ya makaa, akaiweka chini ya nguzo kwa sababu pale pana kivuli, akaanza kukaanga samaki. Joto likaruka. Mwalimu alinitazama kama nimefanya uganga. Uganga wenyewe ulikuwa kukaa. Nyinyi mkifika kwa mteja mnakimbilia kompyuta. Kaeni kwanza! Kipimo kipo nje.

Haya, twende kwa Mama Furaha.

Mama Furaha ni jirani yangu wa upande wa chini. Alitoka mashariki mwa Kongo na cherehani moja, sasa ana tatu, na chumba anachoshonea kiko mwishoni mwa kiwanja, chini ya ukuta wa ghala. Ghala liko juu mlimani, na mwenye ghala alijenga ule ukuta wa matofali, mrefu, kuzuia udongo wake. Kila mtu mwenye macho aliona kwamba hauna hata tundu moja la kupitishia maji. Maji yakikusanyika nyuma yake yatoke wapi?

Jumatano moja ya msimu wa mvua, kwenye saa kumi na mbili asubuhi, ukuta ulianguka juu ya chumba cha kushonea. Kwa bahati Mama Furaha hakuwemo chumbani. Cherehani mbili zilibanwa na matofali, vitambaa vya wateja vikawa tope. Asubuhi ileile alikwenda kuripoti kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti akaandika kwenye kitabu chake siku na saa.

Siku tano baadaye, kijana mmoja aliyetumwa na mwenye ghala alikuja kwenye uzio wangu. Enjinia. Alikuwa na kofia ngumu safi sana, haijawahi kuangukiwa na kitu.

"Mzee, shikamoo. Nimeambiwa hapa Luzira mtu wa mvua ni wewe."

Vijana, mtu akitaka kuwamaliza ataanza hivyo hivyo. Nilimkaribisha ndani. Nilimwonyesha kisanduku kinachopokea vipimo kutoka kwenye nguzo, skrini, daftari. Aliomba karatasi ya mvua ya wiki ile. Kebo ya printa ni fupi, ilifikia tundu la kisanduku tu, nikachomoa kebo ya kisanduku nikaihamishia tundu jingine la kompyuta, nikachomeka printa, nikamtolea karatasi: jumla ya kila siku, mstari mmoja kwa siku moja. Nikatia sahihi bila kuombwa. Mke wangu akampa chai na mihogo. Akaondoka ananisifu.

Siku kumi baadaye, Alhamisi, Mama Furaha alikuja analia kwa hasira. Enjinia alikuwa amempelekea mwenyekiti karatasi yangu. Jumanne: milimita sitini na moja. Jumatano: sifuri. Maneno yake yalikuwa mepesi: mvua kubwa ilinyesha Jumanne na ukuta ukaistahimili. Jumatano hakukuwa na mvua kabisa, na ndiyo siku ulipoanguka. Kwa hiyo mtu alichimba chini yake. Nani anaishi chini yake? Mwenyekiti angesikiliza shauri Jumamosi, na mwenye ghala alitaka Mama Furaha aondolewe pale kwa kuharibu ukuta wa watu.

"Muzee," akaniambia, "wewe uliandika kama mvua haikunyesha?"

Na hapa ndipo ninapojikasirikia mpaka leo. Nilifungua daftari langu, nikatazama mstari wa Jumatano, nikaona sifuri kwa mwandiko wangu. Nikafungua kompyuta, nikaona sifuri. Nikamwambia yule mama, kwa sauti ya mtaalamu, "Labda umekosea siku."

Akajifuta machozi. Akatoka.

Mtaniuliza, wewe mzee, hukumbuki mwenyewe? Sikumbuki. Mvua ya alfajiri kwangu ni blanketi la pili, nalala kama mtoto. Na ulikuwa msimu wenyewe, ukimuuliza mtu yeyote Luzira ilinyesha lini, anakujibu, "Kila siku." Ukimbana ataje siku, anataja siku aliyochelewa kazini.

Mke wangu alikuwa anachambua maharage, amesikia yote. "Jumanne ile nilifua mashuka," akasema. "Yalikauka kabla ya saa nane. Hizo milimita zako sitini na moja zilinyeshea wapi, Baba Apio?"

Nikajibu kwamba daftari ni daftari.

"Na mashuka ni mashuka."

Halafu, wanangu, nikairudia asubuhi ile hatua kwa hatua. Jumatano. Saa tatu asubuhi nilitoka na makubazi, nikasoma kipimamvua, nikaandika Jumanne. Maji yaliyonyesha Jumatano kabla ya saa tatu yote yalikwenda Jumanne, kwa mkono wangu na kwa programu niliyoifundisha mwenyewe. Mvua ilinyesha Jumatano alfajiri, ikaangusha ukuta Jumatano alfajiri, nami nikaiandika kana kwamba ilikuja siku moja mapema ikaondoka zake. Na nikatia sahihi!

Nilitaka kukimbia kwa mwenyekiti saa ileile. Mke wangu akanishika. "Utamwambia nini? Kwamba karatasi yako ya kwanza ni ya uongo, sasa umemletea maneno matupu?" Alisema kweli. Nilihitaji kumbukumbu za kila nusu saa. Programu, kwa uzembe wangu, ilikuwa inaweka kwenye kompyuta jumla za siku tu. Nusu saa zilikuwa ndani ya kisanduku peke yake, na kisanduku kina kumbukumbu ya siku kumi na sita. Siku mpya ikiingia, ya zamani inafutika. Nikahesabu kwa vidole. Alhamisi ile ilikuwa siku ya kumi na tano.

Nikabonyeza kitufe cha kuvuta kumbukumbu. Programu ikajibu: kifaa hakipatikani.

Nikabonyeza tena. Hakipatikani.

Hapa sikilizeni vizuri, maana nimewaona mnavyofanya kifaa kikikataa. Mnafuta programu. Mnawasha na kuzima kama mnamtia mtu adabu. Mnachomoa betri za kisanduku, na betri zikitoka, kumbukumbu zote zinakwenda. Nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa tayari umefika kwenye kifuniko cha betri. Kama ningekifungua, leo Mama Furaha angekuwa anashona mahali pengine na mimi ningekuwa nimehama kwa aibu. Nikauondoa mkono. Nikaweka mikono yote miwili mapajani, nikajiuliza swali ambalo Mzee Otim aliuliza kila chombo kilipoharibika: "Mara ya mwisho kilipofanya kazi, na leo, katikati nani amegusa nini?"

Nani amegusa? Mimi. Nimegusa nini? Kebo. Lini? Siku ya enjinia.

Programu hizi zinatafuta kisanduku kwa namba ya mlango. Ukihamisha kebo kwenda tundu jingine, kompyuta inaipa namba nyingine na haimwambii mtu. Programu yangu ilikuwa inabisha mlango wa tatu na mgeni amehamia wa tano. Siku kumi inabisha! Na ilikuwa inasema nini siku hizo zote? Isome tena sheria ya kwanza. Ilikuwa inaandika sifuri. Sikuiona kwa sababu nilikuwa nikitazama daftari, najisifu.

Nikazima programu kwanza, nikachomoa printa ile iliyolaaniwa, nikarudisha kebo kwenye tundu lake la zamani, nikasubiri kompyuta iitambue, ndipo nikaifungua programu. Fuateni mpangilio huo. Mkichomeka programu ikiwa wazi, nyingine zinaushikilia mlango wa zamani kama mpangaji asiyetaka kuhama. Nikabonyeza. Ule mstari wa kijani wa kupokea kumbukumbu ukaanza kutambaa, polepole, unasimama, unatambaa. Mke wangu akasimama nyuma yangu na ungo. Tulikuwa tunaomba umeme usikatike, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie Luzira, umeme uliniheshimu.

Ikaja yote. Jumanne mchana: hakuna. Jumanne jioni: hakuna. Jumatano, tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja, milimita sitini na moja. Nililinganisha saa ya kisanduku na ya redio, zikatofautiana dakika mbili. Nikahifadhi faili mara tatu, mahali patatu, kisha nikaisogeza printa mpaka ikafikia tundu jingine, nikachapisha.

Jumamosi mwenyekiti aliita watu saa mbili asubuhi, palepale ukuta ulipoangukia. Nilikwenda kumwomba Ijumaa ashike saa, asichelewe. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nataka kumwonyesha kitu ambacho baada ya saa tatu hakitaonekana. Alinitazama kama watu wanavyowatazama wastaafu. Lakini alikuja saa mbili na dakika tano, na kwa mwenyekiti wa mtaa huko ni kuwahi.

Nilikuwa nimeitoa kompyuta barazani kwangu, hatua chache kutoka hapo, kwa waya mrefu. Watu wakajaa kwenye uzio. Enjinia akasoma karatasi yangu kwa sauti, akaizungusha watu waione sahihi. Nami nikasimama nikaeleza habari ya saa tatu na mstari wa jana. Nilieleza vizuri, nadhani. Hakuna aliyeelewa.

"Ssebo, bwana mzee," mwenyekiti akasema, "wewe unaniambia kwamba miaka yote hiyo, serikali ikilipa mshahara, mulikuwa munaandika mvua ya leo munaiita ya jana?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na hakuna mutu alifungwa?"

Watu wakacheka. Enjinia akapata nguvu. "Mwenyekiti, huyu mzee ametoa karatasi moja, leo analeta nyingine. Huyu mama ni jirani yake. Kompyuta haidanganyi, mzee ndiye amebadilisha."

Hapo damu ilinipanda. Karatasi ni yangu, sahihi ni yangu, mihogo aliyokula ni yangu, na sasa ananifundisha kompyuta yangu! Nikamwuliza mwenyekiti, "Jana Ijumaa mvua ilinyesha?"

"Jana nilikuwa kwa mazishi," akasema, "jua limetuchoma mpaka padri akafupisha."

"Enjinia, ilinyesha?"

"Haikunyesha."

Nikamwita enjinia aje mwenyewe asome kwenye skrini. Akasoma: Ijumaa, sifuri. Nikachukua chupa ya soda iliyojaa maji. Mzee Otim alijaribu vipimamvua vyote namna hiyo kila Jumatatu, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kuwafundisha wengine. Nikampa enjinia chupa. Nikamwonyesha ngazi. "Panda. Mimina polepole, kama unamnywesha mtoto mgonjwa. Ukimimina kwa haraka vile vikombe vidogo vya ndani haviwahi kupinduka, havihesabu."

Akapanda na kofia yake. Akamimina. Tukasikia, tik, tik, tik, kila kikombe kilivyojaa na kupinduka. Saa mbili na dakika ishirini. Nikawaambia watu tusubiri mpaka nusu, kisanduku kifunge hesabu yake. Dakika kumi hizo zilikuwa ndefu kuliko kazi yangu yote. Kuna mtu aliuliza kama mzee ana akili timamu, na sauti ilikuwa ya ndani ya nyumba yangu.

Ilipofika nusu nikavuta kumbukumbu. Nikamwomba enjinia asome tena, kwa sauti, jumla za siku.

Akasoma Jumamosi: sifuri. Akasita. Akasoma Ijumaa. Ijumaa haikuwa sifuri tena.

"Soma," mwenyekiti akamwambia.

"Inasema jana imenyesha."

"Jana umemimina wewe?"

"Nimemimina leo."

Nikabonyeza ukurasa wa nusu saa. Leo, Jumamosi, kabla ya saa mbili na nusu: maji yale yale ya chupa. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akavaa, akasoma mwenyewe kwa kidole. Halafu akaomba karatasi yangu ya pili, ile ya Jumatano alfajiri, akaitazama, akauinulia macho ukuta uliobaki umesimama.

"Matundu ya maji yako wapi?" akamwuliza enjinia.

Enjinia akaivua kofia, akaishika mkononi.

Ikaamuliwa mbele ya watu wote: mwenye ghala ajenge ukuta upya, safari hii na matundu na mtaro, ajenge na chumba kilichobomoka, na Mama Furaha asiguswe. Na mimi nikaambiwa nisitoe tena karatasi ya mvua bila kuandika juu yake kwa herufi kubwa siku inaanza saa ngapi. Niliona hukumu hiyo ni ya haki, nami nawahukumu nyinyi vilevile. Kila karatasi, kila mteja. Siku inaanza saa ngapi, saa ni ya wapi, nafasi tupu maana yake nini. Msiniambie mteja hakuuliza. Mama Furaha naye hakuniuliza, wala hakuwa mteja wangu.

Jioni nilishuka kwake kumjulia hali. Nakiri kifua kilikuwa mbele kidogo. Alikuwa ameshaitoa ile cherehani nzima uani, anashona upindo wa gauni la gomesi, mguu unakwenda. Nikamwambia, "Mama Furaha, umeona jinsi tulivyoipata mvua yako?" Nikaanza kumweleza habari ya kebo na mlango wa tano. Hakuinua kichwa mpaka upindo ulipokwisha. Akakata uzi kwa meno, akasema:

"Muzee, ile asubuhi nilikuwa inje naweka mabidoni ya maji chini ya bati, mvua inanipiga ku kichwa, na ukuta ikaanguka nyuma yangu. Muliuliza daftari, muliuliza mashine, mukainywesha mpaka maji ya chupa. Mimi niliyelowa, hakuna hata mutu moja aliniuliza, hata wewe."